ISTILAHI: "MATUMIZI MAWILI" AU "MATUMIZI YA KUWILI"?

Mfasiri wa nyaraka za sheria zihusuzo akili mnemba hukutana mara kwa mara na dhana ya kitu kimoja kiwezacho kuleta manufaa na kuleta madhara pia. Njia iliyo rahisi ni kuiita "matumizi mawili". Sisi tunaona kuwa istilahi hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo yaweza kumpotosha mtekelezaji wa sheria.

Neno "mawili" huhesabu tu. Simu hutumika kuzungumzia na kumulikia gizani. Hayo ni matumizi mawili, wala hayamtishi mtu. Dhana tunayoijadili si ya idadi bali ya upinzani: uwezo ule ule hujenga na hubomoa.

Tuchukue mfano. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani na wenzao wa Ulaya walieleza jaribio la programu ya akili mnemba zalishi iliyokusudiwa kubuni molekuli za dawa. Kwa desturi programu hiyo iliepuka sumu. Wao waliigeuza iitafute. Kwa muda usiofika saa 6 ilitoa molekuli 40,000, miongoni mwake ikiwamo sumu ya neva iitwayo VX. Hawakutengeneza hata moja. Lakini programu ilikuwa ile ile. Kilichogeuzwa ni shabaha yake.

Hapo ndipo penye ugumu wa udhibiti. Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Kemikali wa mwaka 1993 huitazama kemikali kwa kusudi lake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu akili mnemba hutazama pia uwezo wenyewe: modeli ya matumizi ya jumla iliyofunzwa kwa hesabu zinazozidi 10 kwa kipeo cha 25 hudhaniwa kuwa na hatari ya kimfumo. Afisa asomaye "matumizi mawili" aweza kudhani kwamba ataruhusu moja na kukataza la pili, kana kwamba yametengana.

Kwa hiyo twapendekeza "matumizi ya kuwili", kwa kuwa wasemaji wamekwisha kuzoea kusema kuwa upanga hukata kuwili. Tutapata "modeli itumikayo kuwili" na "hatari za matumizi ya kuwili". Lakini katika sheria za kusafirisha bidhaa nje, kama Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2021/821, mkazo ni juu ya raia na jeshi. Huko mfasiri aandike waziwazi "matumizi ya kiraia na ya kijeshi".

Tunawakaribisha walimu na wafasiri walijaribu neno hili kazini, kisha watuletee maoni yao.