Picha za nyota: kazi kubwa huanza asubuhi, mbele ya kompyuta

Anayepiga picha ya nyota kwa mara ya kwanza hukutana na jambo la kuvunja moyo: anafungua faili kwenye kompyuta, na kioo kinabaki cheusi. Hapo wengi hufuta kila kitu, wakidhani kamera imeharibika ao usiku umepotea bure. Kumbe picha imo ndani. Kilichobaki ni kujifunza programu ya kuitoa.

Moja ya programu hizo ni Siril. Ni ya bure, inatumika kwenye Windows, macOS na Linux, na wengi waliyoitengeneza ni wapenda nyota wa Ufaransa. Jina lake linatokana na Iris, programu ya zamani ya Mfaransa Christian Buil: neno limegeuzwa, kisha ikaongezwa L ya Linux. Kwa msomaji wa Goma, Bukavu ao Bunia kuna faida moja zaidi: menyu zake zinapatikana kwa Kifaransa, lugha tuliyosomea shuleni.

Kwa nini kioo kinakuwa cheusi? Kamera inahesabu mwanga jinsi ulivyo. Nyota kali zinachukua nafasi ya juu, nayo mawingu ya gesi ya mbali yanabaki chini kabisa, karibu na giza. Chini ya dirisha la Siril kuna orodha ya namna za kuonyesha picha. Ukichagua ile inayoinua mwanga yenyewe, ghafla wingu linatokea. Lakini angalia: hiyo inabadilisha kioo tu, haibadilishi faili. Ukihifadhi picha wakati huo, utamutumia rafiki mraba mweusi. Kuinua mwanga kwa kweli ni hatua nyingine, na inakuja karibu na mwisho.

Hatua ya kwanza ni kupanga picha nyingi juu kwa juu. Kwa kuwa dunia inazunguka, kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 24 inaweza kufunguliwa kama sekunde 20 tu; ukizidisha, nyota zinakuwa mistari. Sekunde 20 ni kidogo, na picha inajaa chembechembe. Ukipiga nyingi na programu ikazilinganisha, chembechembe zinapungua: picha 4 zinazipunguza kwa nusu, picha 100 zinazipunguza mara 10.

Pamoja na picha za nyota, piga nyingine za kusafisha: za giza, ukiwa umefunika lenzi, kwa muda uleule na usiku uleule, za mwanga sawasawa, ukivika lenzi tishati nyeupe na kuielekeza kwenye anga la asubuhi, na za muda mfupi kabisa, lenzi ikiwa imefunikwa. Siril inataka kila aina ikae katika folda yake: "lights", "darks", "flats" na "biases". Ukikosea herufi moja katika majina hayo, kazi inasimama. Ukiyaandika vizuri, skripti inafanya kazi yenyewe mpaka mwisho.

Kwetu kuna mashariti mengine. Hakikisha umeme upo ao betri imejaa, kwa sababu skripti ikikatika katikati inaanza upya. Acha nafasi ya kutosha kwenye diski, maana mafaili yanazaliana haraka. Mega za kupakua programu zinunuliwe mara moja. Baada ya hapo, kupanga picha hakuhitaji intaneti.

Kisha linakuja swali zito: je, picha hiyo ni ya kweli? Tunaishi mahali ambapo picha ya uongo inayopita kwenye WhatsApp inaweza kukimbiza mtaa mzima. Anayejifunza programu hii anajifunza pia mpaka kati ya kutoa kilichopo na kutia kisichokuwepo. Kuinua mwanga wa picha nzima, kuondoa rangi ya taa za mji, kupima rangi kwa kufuata nyota zinazojulikana: hayo ni kutoa. Kupaka rangi sehemu moja kwa sababu inapendeza, ao kubandika mwezi wa picha nyingine, ni kutia. Ukitangaza picha yako, andika ulipiga ngapi na ulifanya nini.

Na kipimo kiwe kidogo. Anayeanza huinua mwanga kupita kiasi mpaka nyota zinakuwa kama sahani. Rudi nyuma hatua moja, ujaribu tena polepole.

Kwa jaribio la kwanza, Januari na Februari zinafaa: mvua inapungua kidogo Goma, na kati ya saa mbili na saa nne usiku wingu la gesi la Orion linapita karibu na utosi, mahali hewa inasumbua mwanga kidogo zaidi. Chagua usiku usio na mwezi. Asiye na kamera pia ana mlango: NASA inaweka wazi picha ghafi za sayari ya Jupita zilizopigwa na chombo cha Juno, kwa ajili ya raia wanaotaka kuzitengeneza.

Mafaili ya kwanza usiyafute. Baada ya miezi sita ya mazoezi, picha ileile uliyoidharau inaweza kukupa nyota ambazo siku ile hukujua kuzitafuta.