Ndege Yule Yule, Mahali Pale Pale

Ikifika katikati ya Aprili, katika vijiji vya Uingereza wapo watu ambao hawapiti chini ya waya wa umeme bila kuinua macho. Wanamtafuta mbayuwayu wa kwanza. Akionekana, mgongo wa buluu iliyokolea, koo lenye rangi ya kutu, mkia uliochanika pande mbili, tarehe yake huandikwa daftarini chini ya tarehe ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Wiki mbili tatu baadaye wanamngoja teleka, anayefika mwanzoni mwa Mei na ambaye Agosti ikianza tu hufunga safari. Oktoba, usiku, husikiliza vilio vyembamba vya ndege wanaoingia kutoka Skandinavia kula matunda ya vichakani. Januari hujifunga makoti mazito kwenda pwani ya Norfolk kuwatazama bata bukini wa Iceland wakiruka kwa maelfu alfajiri. Kwetu mwaka unagawanywa na mvua. Kwao unagawanywa na nani kafika na nani kaondoka. Ni rahisi kuyaona haya yote kama njia ya kupitisha muda. Naamini ni mojawapo ya kazi za maarifa zenye manufaa makubwa kabisa ambazo mtu asiye na shahada wala maabara anaweza kuzifanya, ila ina sharti lake, na sharti hilo ni kurudi: ndege yule yule wa kawaida, mahali pale pale, kwa njia ile ile, mwaka hata mwaka.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1736 Robert Marsham, mwenye ardhi wa Stratton Strawless huko Norfolk, alianza kuandika dalili za majira ya machipuko: siku mwaloni ulipotoa majani, siku vyura walipoanza kulia, siku mbayuwayu alipoonekana, siku kekeo alipoita. Alifuatilia dalili 27. Alipofariki 1797 watu wa ukoo wake waliipokea kazi hiyo, kizazi kwa kizazi, pakiwa na mapengo hapa na pale, hadi 1958. Uzeeni mwake Marsham aliandikiana barua na Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, Hampshire, ambaye kitabu chake juu ya viumbe wa kijiji hicho kimesomwa bila kukoma tangu 1789. White alikuwa na sikio la ajabu. Kulikuwa na ndege wadogo wa rangi ya kijani na manjano, wenye uzito wa sarafu chache, ambao ukiwashika mkononi huwezi kuwatofautisha kwa urahisi. Yeye alizisikiliza nyimbo zao, mmoja akirudia sauti mbili tu kama nyundo ndogo, wa pili akishuka kwa mteremko laini, wa tatu akitetemesha sauti juu kabisa ya miti, akatambua kwamba ni aina tatu. Ugunduzi ule hakuupata safarini. Aliupata kwa kupita njia zile zile za nyumbani kwake, tena na tena.

Hata hivyo White huyohuyo aliishi na swali lililomshinda: mbayuwayu huenda wapi baridi ikiingia? Wasomi wa zama zake walikuwapo walioamini kwamba hujificha mashimoni au chini ya maji ya mabwawa, naye hakuwahi kulitupa wazo hilo kabisa. Jibu lilikuja kwa njia ya kawaida mno. Mei 1911 wakili mmoja wa Cheadle, Staffordshire, alimvisha pete ya mguuni mbayuwayu aliyekuwa akitaga barazani kwake. Disemba 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini, pete ikiwa bado mguuni na anwani ya London juu yake. Pete moja, barua moja iliyotumwa na mtu aliyeona si vyema kuitupa, na mjadala wa karne ukafungwa. Lakini pete ile ilikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na watu waliojua, kwa tarehe, mbayuwayu hufika lini Staffordshire na huondoka lini.

Upo utazamaji wa aina nyingine, na ndio unaovuta kamera. Februari 1989 ndege mdogo wa Amerika Kaskazini mwenye mabaka ya dhahabu mabawani, aliyepotezwa na upepo wa bahari kuu, alionekana Larkfield katika jimbo la Kent, karibu na duka kubwa. Maelfu ya watu wakasafiri kutoka kila pembe ya nchi, maegesho yakajaa watu na darubini. Sioni ubaya wa furaha ile. Mtu anaposafiri usiku kucha kumwona kiumbe wa gramu tisa, moyo wake uko mahali pazuri. Ila tukiuliza tulijifunza nini, jibu ni dogo: kwamba ndege mmoja alipotea njia. Linganisha na Januari ya 1979, pale Chama cha Kifalme cha Kulinda Ndege, RSPB, kilipoanza kuwaomba watu wakae saa moja dirishani na kuhesabu ndege wa bustanini. Mwaka ule wastani ulikuwa shomoro 10 hivi na kwezi wa Ulaya 15 kwa bustani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kusafiri kumwona shomoro. Leo hesabu hiyohiyo hutoa shomoro wapatao 4, na kwezi wamepungua kuliko hata shomoro. Kupungua kwa namna hiyo hakuonekani kwa macho ya siku moja. Mtoto aliyezaliwa miaka ya 2000 anaona shomoro wanne na kudhani ndivyo dunia ilivyo. Ni karatasi ya 1979 tu inayoweza kumsahihisha.

Hapa msomaji makini atauliza: hesabu ya watu wa kawaida inaaminika vipi? Macho hukosea, masikio huzeeka, na binadamu hupenda kuhesabu mahali palipochangamka na kupakimbia palipo kimya. Pingamizi hili ni la kweli, na waliolijibu ni watazamaji wenyewe. Tangu 1994 kuna hesabu ya ndege wanaotaga inayoendeshwa na Taasisi ya Uingereza ya Elimu ya Ndege, BTO, na washirika wake. Mtu wa kujitolea hachagui pa kwenda. Hupewa mraba wa kilomita moja kwa moja uliochaguliwa kwa bahati nasibu, uwe msitu mzuri, shamba la ngano au barabara ya mji wenye viwanda. Huuendea mara mbili, kati ya Aprili na Juni, asubuhi mapema. Hutembea mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja wa kilomita moja na umegawanywa vipande vitano, na kila ndege anayemwona au kumsikia humwandika pamoja na umbali wake: ndani ya mita 25, kati ya 25 na 100, au zaidi ya hapo. Umbali huandikwa kwa sababu ndege aliye mbali hukosekana kwa urahisi, na ukijua wangapi huonekana karibu na wangapi mbali unaweza kukadiria waliokupita bila kuwaona. Mraba uliotoa ndege wachache una thamani ileile ya mraba uliojaa nyimbo, na mwakani unarudiwa. Makosa ya mtu mmoja hayaondoki, lakini yakirudiwa kwa kipimo kilekile katika maelfu ya miraba hayawezi kuificha picha kubwa. Haba na haba ndiyo inayojaza kibaba hicho.

Mfano ninaouona mzito kuliko yote ni wa kozi, yule mwindaji anayeshuka kutoka juu kama jiwe lililorushwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wafugaji wa njiwa wa mashindano waliilalamikia serikali kwamba kozi wamezidi na wanamaliza njiwa wao. Walitaka ulinzi wa kisheria wa ndege huyo uondolewe. Ukaitishwa uchunguzi, na mwaka 1961 na 1962 watazamaji, wakiongozwa na Derek Ratcliffe, walipanda kwenye magenge ambayo kwa miaka mingi yalijulikana kuwa na viota. Walikuta kinyume cha malalamiko. Genge baada ya genge lilikuwa tupu, na kwenye magenge mengine palikuwa na mayai yaliyovunjika chini ya mama yake. Ratcliffe akayaendea mayai ya zamani yaliyohifadhiwa na wakusanyaji na majumba ya makumbusho, akayapima, na mwaka 1967 akaonyesha kwamba maganda yalianza kuwa membamba ghafla mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati DDT, dawa ya kuulia wadudu, ilipoenea mashambani. Sumu ilikuwa imepanda kutoka kwa mdudu hadi kwa ndege mdogo, kisha kwa yule aliyemla. Dawa za namna hiyo zikabanwa hatua kwa hatua, na hesabu ya 2014 ilikuta zaidi ya jozi 1,700 za kozi katika Uingereza yote na visiwa vyake. Leo wanataga kwenye mnara wa kanisa kuu la Norwich. Fikiria ingekuwaje kama hakuna aliyejua ni magenge gani yalikuwa na viota miaka ya 1930. Serikali ingemsikiliza nani zaidi ya mwenye malalamiko?

Kuna wanaosema kwamba siku hizi mashine zimeichukua kazi hii: kinasa sauti huachwa msituni mwezi mzima, programu ya simu hutaja jina la ndege anayeimba. Ni vyombo vizuri na vitumike. Lakini mashine inasikia leo, haikusikia 1736. Daftari la ukoo wa Marsham ndilo lililowawezesha watafiti kulinganisha kuchipua kwa mwaloni na joto la mwaka husika kwa zaidi ya karne mbili, na kuona kwamba joto likizidi mwaloni hutangulia kuchipua. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, visanduku vya viota vimefuatiliwa tangu 1947. Ndege mdogo mwenye kichwa cheusi, mashavu meupe na kifua cha manjano anayetaga humo, sasa hutaga takriban wiki mbili mapema kuliko miaka ya 1960, kwa kuwa viwavi anaowalisha makinda nao hutokea mapema. Kinda anahitaji viwavi kwa wiki chache tu. Akianguliwa wamekwisha, ana njaa. Mabadiliko ya tabianchi, jambo ambalo wengi hulisikia kama tarakimu za mbali, pale yanapimwa kwa siku, kiota kwa kiota.

Pingamizi gumu kuliko mengine ni hili: kuhesabu hakuponyi. Kweli, ndege wa mashambani Uingereza wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1970, na wamehesabiwa kwa makini wakati wote wakipungua. Sitalifunika jambo hilo. Ila hesabu ndiyo iliyoonyesha mahali pa kushika. Ilibainika kwamba ngano iliyozoeleka kupandwa machipuko sasa inapandwa kabla ya baridi, hivyo mabua yenye punje zilizodondoka, yaliyokuwa chakula cha ndege Disemba na Januari, hayabaki tena. Na kipozamataza wa huko, yule anayepanda angani wima akiimba, hutaga chini kati ya mimea. Ikifika Mei ngano ya namna hiyo imekuwa ndefu na nzito, hapiti. Basi zikajaribiwa sehemu ndogo zisizopandwa kitu, mita nne kwa nne, mbili kwa kila hekta, kana kwamba mashine ya kupandia imeinuliwa kidogo kisha ikashushwa. Ndege wakashuka humo kutafuta wadudu na makinda yakaongezeka. RSPB ilinunua shamba Cambridgeshire ili kuonyesha kwamba ngano inaweza kuvunwa vizuri na ndege wakaongezeka papo hapo, na waliongezeka. Kinachokosekana sasa ni wakulima wa kutosha kulipwa kufanya hivyo, na hilo ni suala la bajeti, halimhusu mwenye darubini.

Halafu kuna kekeo, ambaye hadithi yake haiishii Uingereza. Hesabu za miraba zilionyesha kwamba katika Uingereza ya kusini kekeo wamepungua kwa zaidi ya nusu, wakati Uskoti wanaongezeka. Kwa nini? Kuanzia 2011 BTO iliwafunga baadhi yao vifaa vidogo vinavyoonekana kwa setilaiti. Mmoja aliyefungwa Norfolk, akaitwa Chris, alikwenda na kurudi mara nne kabla ya mawasiliano kukatika 2015. Ilionekana kwamba kekeo dume huondoka Uingereza mapema sana, mara nyingi Juni, baada ya wiki chache tu, na baridi yote huikalia katika misitu ya Bonde la Kongo. Wanaopita Hispania hufa njiani kwa wingi kuliko wanaopita Italia, na waliotoka sehemu zenye upungufu mkubwa ndio waliopita sana Hispania. Ndege anayeitwa wa Uingereza ana miezi mingi zaidi chini ya miti ya Kongo kuliko juu ya vichaka vya Norfolk, na anayemngoja Aprili anasoma nusu tu ya daftari lake.

Nusu ya pili iko huku. Mbayuwayu wa Ulaya na Asia wanaotua kwenye nyaya za Nairobi na Dodoma kuanzia Septemba, teleka wanaopita juu ya mashamba kabla ya mvua, wote wana tarehe ambazo watu wachache wameziandika. Kenya imeanza: kuna ramani ya ndege ambayo mtu yeyote anaweza kuipelekea orodha ya alichokiona katika mraba wa kilomita tisa hivi kila upande, tangu 2013. Yako maeneo, hasa kaskazini, ambako orodha ni chache mno. Anayekaa huko, akajua siku mbayuwayu walipojaa waya wa mbele ya duka la kijiji na siku walipouacha mtupu, ana kitu ambacho setilaiti haina, mradi akiandike, na mwakani aandike tena.