Mzee Anaponong'ona

Matulo huko Webuye, na kote wanakoishi Wabukusu kuanzia Bungoma hadi Kitale, mzee anayejua kuswala kumuse huheshimiwa kwa ulimi wake. Baada ya maziko ya mzee mwenzake, husimama mbele ya umati, akatembea huku na huku akisimulia historia ya koo, akionya na kufariji. Katika jamii inayothamini usemi kiasi hicho, mzee akianza kunong'ona watu hawakosi sababu: uzee, kiburi, au mkono wa mtu. Wachache watautaja ugonjwa wa Parkinson.

Tangu daktari James Parkinson aueleze jijini London mwaka 1817, ugonjwa huu umejulikana kwa mikono inayotetemeka. Lakini Jeri Logemann na wenzake walipowachunguza wagonjwa 200 nchini Marekani, katika matokeo waliyochapisha mwaka 1978, karibu tisa katika kila kumi walikuwa na kasoro ya sauti. Seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini hufa, na misuli ya kifua, koo na ulimi hukakamaa. Nyuzi za sauti hazikutani sawasawa, pumzi huvuja, na maneno hutoka kwa mkwaruzo, hayapandi wala hayashuki. Muhammad Ali, aliyeitikisa Kinshasa mwaka 1974 kwa ngumi na kwa mdomo, aligunduliwa kuwa na maradhi haya mwaka 1984. Baadaye ilibidi watu wamtegee sikio.

Linalouma zaidi nyumbani ni kwamba mgonjwa mwenyewe hajui sauti yake imeshuka. Ubongo humwambia anazungumza kama kawaida, na akiombwa apaaze huhisi anapiga kelele. Humlaumu mkewe kwamba hasikii vizuri. Wajukuu wakimwambia kwa mara ya tatu, "Kuka (babu), sema tena," huamua kunyamaza, na kunyamaza huko humtenga na watu kuliko hata kutetemeka.

Tiba ya sauti iitwayo LSVT, iliyoanzishwa na Lorraine Ramig na wenzake huko Arizona mwaka 1987, inalenga hapo hapo. Agizo ni moja: sema kwa nguvu. Mgonjwa huvuta "aaa" ndefu na kurudia sentensi anazozitumia kila siku, saa moja kwa siku nne za wiki, hadi wiki nne ziishe, ili ubongo uzoee kipimo kipya cha sauti. Utafiti wa Uingereza uliowahusisha wagonjwa 388, uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la BMJ, ulionyesha kwamba waliopata tiba hii walipunguziwa adha ya sauti kuliko waliopata tiba ya kawaida ya usemi au wasiopata yoyote. Dawa ya levodopa hulegeza viungo, lakini sauti haiinui kwa kiwango hicho.

Kwetu tatizo huanza kabla ya tiba. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Tanzania, penye watu 161,071, walipata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2008. Sioni kwa nini vijiji vya Webuye viwe tofauti sana.

Kwa hiyo, msomaji, baba yako akianza kunong'ona, usimkemee wala usimsemee. Na kwa kuwa misuli ya koo nayo hukakamaa, akipaliwa mara kwa mara na ugali au chai, usipuuze, kwani chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia huua wengi wenye ugonjwa huu. Mpeleke hospitali ya rufaa ya kaunti, au Hospitali ya Moi kule Eldoret, umweleze daktari habari za sauti na si za mikono tu, kisha uulize alipo mtaalamu wa tiba ya usemi.