Mwaka wa Au-pair Ujerumani: Soma Mkataba Kabla ya Kufunga Sanduku

Kijana akipata familia ya kumpokea Ujerumani, nyumbani huwa ni shangwe. Shangazi wanapigiana simu, michango ya nauli inaanza, na swali linalotangulia yote ni la pesa: atakuwa akilipwa ngapi kwa mwezi? Sisi tunaowaandaa vijana hawa huulizwa swali hilo kila siku na wazazi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Jibu huwavunja moyo wengi, lakini heri wavunjike moyo mapema, kabla nauli haijalipwa. Au-pair, yaani kijana anayeishi na familia ya kigeni na kuisaidia kulea watoto, halipwi mshahara. Anapewa chumba, chakula, bima na posho, na faida kubwa ya mwaka wake iko katika lugha atakayorudi nayo.

Mwaka 1969 nchi za Baraza la Ulaya zilikutana Strasbourg na kuandika makubaliano kuhusu vijana wanaoishi na familia za kigeni kwa mpango huu. Makubaliano hayo yalitamka kwamba kijana wa namna hii si mwanafunzi na si mfanyakazi; yuko katika kundi la pekee lenye sifa za pande zote mbili. Baadaye kila nchi ilijiwekea kanuni zake, na si nchi zote zimeendelea na mpango. Norwei, kwa mfano, iliufunga mwaka 2024 kwa vijana wa nje ya Ulaya. Ujerumani bado inapokea, na ndiyo inayovuta vijana wengi wa Afrika Mashariki, kwa hiyo hapa nitaeleza kanuni za Ujerumani tu.

Nani anaruhusiwa kwenda

Anayeomba viza awe ametimiza miaka 18 na awe hajafikisha 27 siku anapowasilisha maombi. Awe na Kijerumani cha msingi, ngazi ya A1, na cheti cha kuthibitisha. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, hutoa mtihani huo Nairobi na Dar es Salaam. Ukaaji ni miezi 6 kwa uchache na 12 kwa wingi, na nafasi hii hutolewa mara moja tu maishani. Aliyekaa miezi saba akarudi hawezi kuomba tena mwaka mwingine.

Familia nayo ina masharti yake. Kijerumani lazima kiwe lugha inayozungumzwa nyumbani. Pakiwa na undugu kati yenu, viza haitoki: shangazi yako aliyeolewa Hamburg hawezi kukuita ukawe au-pair wake. Na kama familia yenyewe imetoka Kenya, haiwezi kumchukua Mkenya, hata kama watoto wao wanazungumza Kijerumani kutwa nzima. Sababu ni moja: kijana anakwenda kujifunza lugha na maisha ya wenyeji.

Posho, na yale yasiyoonekana kwenye posho

Posho ni euro 280 kwa mwezi. Juu yake familia huchangia euro 70 kila mwezi kwa kozi ya lugha. Chumba lazima kiwe chako peke yako, chenye dirisha na kisichopungua mita 8 za mraba. Chakula ni kile wanachokula wao, na hutolewa hata siku unapoumwa au ukiwa likizo. Bima ya afya, ya ajali, na ile inayolipa ukimharibia mtu mali yake, zote hulipwa na familia. Nauli ya ndege kwa kawaida hujilipia mwenyewe. Jambo moja la kuzingatia: bima nyingi za au-pair hazigharamii ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusafiri, na kwa meno hulipa kidogo sana. Jino linalouma ling'olewe au lizibwe huku nyumbani.

Kwa viwango vya miaka hii, euro 280 ni kama shilingi elfu 40 za Kenya. Mtu aliye Kisumu au Tanga akisikia hivyo huona ni pesa ya kutosha kusomesha mdogo wako. Lakini pesa hiyo inatumika Ujerumani. Humo mna tiketi ya basi na treni, vocha ya simu, viatu vya baridi, na kozi ya lugha ikizidi ile euro 70. Tiketi ya mwezi inayokubalika nchi nzima ilianza mwaka 2023 kwa euro 49, na tangu hapo imekuwa ikipanda. Mzazi anayemtarajia binti atume pesa kila mwisho wa mwezi anamsukuma kuacha kozi, na kozi ikiachwa mwaka mzima umepotea. Hili wazazi waliseme waziwazi kabla ya safari: mwaka huu hatutarajii kitu kutoka kwako.

Saa 30, na namna zinavyovuka mpaka

Kazi isizidi saa 6 kwa siku na saa 30 kwa wiki. Kila wiki una siku moja na nusu ya kupumzika, jioni nne ziwe zako, na angalau Jumapili moja kwa mwezi uwe huru kabisa. Ukikaa mwaka mzima una likizo ya wiki nne, na posho haikatwi.

Tuchukue nyumba ya kawaida yenye watoto wawili. Asubuhi saa 12:30 unaamka nao, unaandaa kifungua kinywa, unamfunga mdogo viatu, unampeleka chekechea, unarudi saa 2:30. Hizo ni saa mbili. Mchana ni wako na wa kozi. Saa 9:00 alasiri unamchukua mtoto, mnacheza bustanini, unapika tambi, unakunja nguo za watoto, mpaka saa 1:00 jioni. Hizo ni saa nne. Jumatatu hadi Ijumaa jumla ni saa 30, na wiki imejaa. Jumamosi mama anasema, "Leo tunatoka kula, utabaki na watoto?" Wanarudi baada ya saa tatu. Watoto walikuwa wamelala na wewe ulikuwa ukitazama filamu, lakini saa hizo zinahesabika. Sasa umefika 33, na hizo tatu za ziada unastahili kufidiwa kwa muda wa kupumzika.

Familia nyingi hazina nia mbaya. Saa huvuka mpaka kidogo kidogo, na vijana wetu husaidia zivuke. Tumelelewa kwamba mkubwa akiomba hukatai, na kwamba mgeni halalamiki. Mjerumani naye amelelewa kusema jambo lilivyo na kuamini kwamba anayesema ndiyo ana maana ya ndiyo. Ukijibu "hakuna shida" huku moyoni umechoka, yeye anaandika ndiyo na wiki ijayo anaomba tena. Hakuna anayekudharau, hajui tu. Nunua daftari dogo, andika kila siku saa ya kuanza na ya kumaliza. Kila Jumapili jioni kaeni mezani muipitie wiki inayokuja. Ukionyesha daftari huhitaji kununa wala kulia, na mama mwenye nyumba ataliheshimu kwa sababu yeye mwenyewe anaishi kwa kalenda.

Kazi zenyewe pia zina mpaka. Kuangalia watoto, kupika chakula chepesi, kusaidia usafi na nguo, hayo ni sehemu ya makubaliano. Kumuuguza bibi mgonjwa wa nyumba hiyo hakumo. Kusafisha duka la baba au kulea watoto wa jirani kwa malipo pia hakumo.

Matapeli na mawakala

Tapeli hujulikana kwa ahadi zake. Familia inayokuahidi euro 900 kwa mwezi haipo. Familia isiyotaka kuzungumza nawe kwa video, wala kukuonyesha watoto na chumba utakacholala, iache. Anayekutaka utume pesa kwa "wakili wa viza" ni mwizi: ada ya viza ni euro 75, na huilipa mwenyewe ubalozini au katika kituo kilichoteuliwa na ubalozi. Wakala wa Ujerumani akikutafutia familia, sheria ya huko hairuhusu akutoze zaidi ya euro 150. Kenya, mawakala wa ajira za nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uliza usajili kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na anayekuambia kuna nafasi ya "au-pair" katika nchi za Ghuba, muulize mkataba unasemaje. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya nyumbani yenye sheria zake nyingine kabisa.

Mkataba hutiwa saini na pande zote mbili kabla ya kuomba viza. Hakikisha una nakala yako, na nyingine iachwe kwa mzazi. Pasipoti ni yako, na familia haina haki ya kuishikilia.

Mambo yakiharibika

Ukifika, andikisha makazi katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, kisha ushughulikie kibali cha ukaazi katika ofisi ya wageni. Usipojiandikisha, siku ya shida utakuwa huna hata anwani inayotambulika.

Familia ikikushinda, unaruhusiwa kuhamia nyingine, ilimradi ofisi ya wageni ijulishwe na miezi 12 isipitwe. Mikataba mingi inaweka notisi ya wiki mbili. Palipo na vipigo au kushikwashikwa mwili, ondoka siku hiyo hiyo. Polisi ni 110. Namba 116 016 husaidia wanawake waliotendewa ukatili, usiku na mchana, bure na kwa lugha nyingi. Yapo pia mashirika ya makanisa, IN VIA la Wakatoliki na vij la Waprotestanti, yaliyozoea kuwasaidia au-pair waliokwama. Ziandike namba hizi katika daftari lako la saa.

Mwezi wa kumi na tatu

Hapa ndipo wengi hukwama. Kibali kikiisha, njia ya kubaki kihalali ni kuingia katika mpango mwingine: mwaka wa kujitolea katika hospitali au nyumba ya wazee, chuo kikuu, au mafunzo ya ufundi kazini. Mafunzo ya uuguzi, kwa mfano, huchukua miaka mitatu, na mwanagenzi hulipwa zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi tangu mwaka wa kwanza. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa kazi mjini Berlin Septemba 2024, lakini makubaliano hayo hayampi mtu nafasi kama hajui lugha. Shule za uuguzi huanzia ngazi ya B1 ya Kijerumani, na nyingi hutaka B2.

Fanya hesabu. Umefika na A1, na maombi yanapaswa kutumwa miezi kadhaa kabla kibali hakijaisha. Una miezi minane hivi kufikia B1. Aliyehudhuria kozi mara mbili kwa wiki, akazungumza Kijerumani na watoto badala ya Kiingereza, akawasomea hadithi kabla ya kulala, hufika. Aliyekosa kozi kwa sababu ya saa za ziada, au aliyebaki chumbani akizungumza na marafiki wa nyumbani kwa simu, mwezi wa kumi na mbili humkuta pale pale alipoanzia, na tiketi ya kurudi mkononi.

Kwa hiyo, binti au kijana unayejiandaa, siku ya mahojiano na familia waulize kwanza: kozi ya lugha iko wapi, ni siku gani, na siku hizo nani atawachukua watoto? Familia inayojibu swali hilo bila kusitasita inafaa kufikiriwa. Inayosema "tutaona ukifika" usitie saini mkataba wake.