Paka ya nyumba: tuiogeshe ao tuiache ijilambe?

Siku ya posho mu Ibanda ni siku ya kufua. Toka Nguba mpaka Panzi, beseni zinatoka inje, mashuka yanatandikwa ku kamba, watoto wanasuguliwa miguu. Kisha kuko mutu mumoja mu parseli mwenye anaangalia paka imelala karibu na mbabula, imejaa majivu, na kuuliza: na hii, tunaiogesha lini?

Ulizo hilo linaonekana dogo. Lakini mu nyumba nyingi za kwetu paka si pambo. Ni mulinzi. Ni yenyewe inachunga mufuko wa bunga, maharagi na sambaza zenye kukauka. Siku inakufa, panya zinajua mbele ya jirani. Basi tuseme wazi toka mwanzo: uchafu wa kawaida hauui paka. Petroli ya taa, sabuni kali ao dawa yenye haikutengenezwa kwa ajili yake, hivyo vinaweza kuiua kwa siku moja.

Ulimi njo kitana

Paka inajiogesha. Ikikulamba mukono unasikia ulimi unakwaruza, sababu umejaa miiba midogo yenye kugeukia upande wa koo. Mwaka wa 2018, watafiti wawili wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, Alexis Noel na David Hu, walionyesha kwamba kila mwiba una kashimo ku ncha, kama kijiko kidogo. Kashimo hako kanachota mate mu kinywa na kuyafikisha chini ya manyoya, karibu na ngozi. Kwa hiyo paka ikijilamba haipanguse juu juu tu: inaosha, inachana na inapoza mwili kwa wakati mumoja.

Ndiyo maana paka yenye afya, yenye inakula vizuri na kulala pahali pakavu, inaweza kumaliza maisha yake yote bila kuingia mu beseni hata mara moja. Mbwa ni hadisi ingine.

Lakini zawadi hiyo njo mulango wa hatari. Kitu chochote kinaanguka ku manyoya ya paka kinaishia mu tumbo lake. Ukiipakaa dawa, umeinywesha. Tushike neno hilo moja, mengine yote yanatoka hapo.

Tena kuko jambo la ini. Ini la paka haliwezi kuvunja sumu fulani zenye ini la mutu ao la mbwa linavunja bila shida. Njo sababu kidonge kimoja cha paracetamol, chenye tunampa mutu mwenye homa, kinaweza kuua paka. Na njo sababu ile dawa ya kusafisha vidonda na choo, yenye inageuka nyeupe kama maziwa ukiichanganya na maji, ni sumu kwake hata kama harufu yake inatupendeza sisi.

Wakati gani tuiache

Majivu ya mbabula, vumbi ya kiangazi, potopoto ya barabara wakati wa mvua: hivyo havihitaji beseni. Acha potopoto ikauke, ichane, kisha panguza na kitambaa chenye umelowesha mu maji ya uvuguvugu na kukikamua vizuri. Ni kazi ya dakika 5 na kikombe kimoja cha maji. Mu muji wenye robine ya Regideso inaweza kukaa siku nyingi bila kutoa tone, na mama anapandisha mulima na bidoni ya lita 20 ku mugongo, hiyo si hesabu ndogo.

Mutoto wa paka wa chini ya juma 8 asiogeshwe. Mwili wake haujajua kuchunga joto. Ziwa letu la Kivu liko karibu metre 1,460 juu ya bahari, na jioni za Ibanda ni za baridi hata mu Juni na Julai, wakati jua la muchana linachoma. Kwa kiumbe kidogo chenye kulowa, baridi hiyo inatosha kukimaliza. Paka yenye mimba kubwa, paka mugonjwa na paka mzee nazo ziachwe.

Angalieni pia alama hii. Paka kubwa yenye ilikuwa safi, kisha manyoya yanaanza kushikana na kutoa harufu, haiombi sabuni. Inasema iko mugonjwa: pengine meno yanauma, pengine viungo, ao imenenepa mpaka ulimi haufiki tena ku mugongo. Kuiogesha hapo ni sawa na kupaka chokaa ku nyumba yenye inaanguka. Afazali kutafuta veterinere.

Kuko wanaogesha paka juu ya mama mwenye mimba, sababu wamesikia ku hospitali neno toksoplasmosi. Woga wao una msingi, lakini beseni si jibu. Kijidudu cha ugonjwa huo kinatoka na mavi ya paka, hakikai mu manyoya. Tena mavi yakiisha kutoka, kinachukua siku moja na zaidi mbele ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Basi mutu mwingine, si mama mwenyewe, aondoe mavi kila siku. Mama anawe mikono, aoshe mboga, apike nyama mpaka iive. Na kwa mwenye pumu, kuogesha paka kunapunguza kidogo kile kinachomsumbua, lakini kisha siku chache kinarudi. Faida zaidi ni paka isilale mu chumba chake.

Wakati gani beseni ni lazima

Beseni inakuwa lazima wakati ku manyoya kuko kitu chenye paka haipashwi kumeza. Paka inapenda joto la motere. Inalala chini ya gari ao mu garaje, kisha inatoka na mafuta meusi ku mugongo. Ingine inaangukia mu mazutu, mu rangi, ao mu choo. Hapo usingoje, sababu itaanza kujilamba mbele ya wewe kumaliza kutafuta sabuni.

Kitu cha kwanza ni kuizuiza isijilambe: ivingirishe mu taulo ao kitenge cha zamani, kichwa kibaki inje. Panguza kwa makaratasi ao kitambaa kikavu kile kinaweza kutoka. Kama ni mafuta mazito ya motere, pakaa kwanza mafuta ya kupikia kidogo. Yanalegeza yale meusi. Panguza tena, kisha osha na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone chache tu ndani ya maji ya uvuguvugu. Kwa rangi yenye imeisha kukauka, kata manyoya na makasi, pole pole. Usipake esansi wala dawa ya kuyeyushia rangi: hiyo inachoma ngozi na inaongeza sumu.

Na kama imeisha kumeza petroli ao mazutu, usiilazimishe kutapika, wala usiinyweshe maziwa kwa nguvu. Petroli ikipanda inaingia mu mapafu, na hapo njo inaua. Kimbia kwa veterinere.

Namna ya kufanya

Chagueni muchana, kati ya saa sita na saa nane, wakati jua liko. Muwe watu wawili: mumoja anashika, mumoja anaosha. Mbele ya maji, kata ncha za kucha na uchane manyoya, sababu fundo yenye kulowa inakazana kama kamba. Funga mulango na dirisha.

Tandika kitambaa chini ya beseni, kucha zipate pa kushika. Paka yenye miguu inateleza inaona ni kifo. Weka maji ya vidole vitatu, yasipite hapo. Yapime na kiwiko, kama ya mutoto muchanga: mwili wa paka una joto la digrii 38 mpaka 39, kwa hiyo maji yenye sisi tunaona "ni sawa tu" kwake ni ya baridi. Mwaga na kikombe, toka shingo kwenda mukia. Kichwa na masikio usimwagie. Uso unapanguswa na kitambaa. Ongea naye kwa sauti ya chini. Ikianza kuhema kwa kinywa wazi, simamisha kazi.

Kama kuna shampoo ya paka, tumia hiyo. Kama haiko, na uchafu si mafuta, maji peke yake yanatosha. Omo, sabuni ya kufulia na shampoo ya watu tuziache ku mashuka na ku vichwa vyetu: ngozi ya paka si kama yetu, na povu yenye inabaki italambwa. Sabuni yoyote, suuza mara mbili na zaidi, mpaka maji yatoke meupe.

Kukausha njo nusu ya kazi. Taulo mbili: gandamiza, usisugue. Kisha iweke pahali pa jua pasipo na upepo, mpaka manyoya ya chini yakauke. Kuko wanaofungia paka mu chumba kidogo pamoja na mbabula yenye kuwaka. Hapana. Hewa ya makala haina harufu na inaua paka, inaua pia mutoto mwenye analala chumba cha pembeni.

Na mambo ya kuipeleka ku ziwa? Hapana pia. Maji ni baridi, paka itapanda ku kichwa chako ao itakimbia isirudi, na sabuni yako itaenda kwa yule mwenye anachota maji ya kunywa pembeni.

Shida yenyewe mara nyingi ni viroboto

Tukiuliza vizuri, wengi wanaotaka kuogesha paka wanataka kweli kuondoa viroboto. Hapo njo makosa makubwa yanafanyika. Mutu anapakaa petroli ya taa: ngozi inaungua, paka inajilamba, mapafu yanaharibika. Mwingine ananunua dawa ya mbwa, ao ya ngombe, na kuhesabu kwamba nusu ya kipimo haina neno. Dawa nyingi za mbwa zina permetrini. Mbwa inaivumilia, paka haiwezi. Inaanza kutetemeka, kutoa mate, kisha mwili wote unakazana. Ukiona hivyo, iogeshe palepale kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uivingirishe, na umutafute veterinere siku hiyohiyo.

Njia salama inataka uvumilivu. Chukua kitana cha meno madogo, kile cha kutafutia chawa. Chana paka kila siku, zaidi ku shingo na ku kiuno, na kila kiroboto uchovye mu kikombe cha maji yenye sabuni. Kwa mutoto wa paka hiyo njo njia yenyewe, sababu viroboto vingi vinaweza kumaliza damu yake. Lakini jueni: viroboto vyenye unaona ku paka ni sehemu ndogo. Mayai na vitoto viko mu mukeka, mu gunia, mu nyufa za sakafu. Fua matandiko yake kwa maji ya moto, yaanike mu jua kali, fagia pembe zote, rudia kila juma. Mutu anayeogesha paka na kuirudisha ku gunia lilelile amefanya kazi ya bure.

Ukiona kwenye mukia vitu vyeupe kama mbegu za muchele, hiyo ni minyoo, na inatoka kwa viroboto vyenye paka imemeza. Mutoto wa mutu pia anaweza kuipata akimeza kiroboto.

Ikikuuma ao ikikukwaruza

Hata paka mupole, ikiona maji, inaweza kuuma. Usidharau. Osha kidonda palepale na maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa, si kwa kukadiria. Kisha nenda ku kituo cha afya. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, wenye kwa Kifaransa tunaita rage, unapitia pia kwa paka. Ukiisha kuonyesha alama kwa mutu, karibu kila mara anakufa, lakini chanjo yenye kuanza mapema inamuokoa. Paka yenye inazurura na haina chanjo, isikamatwe na watoto kwenda kuogeshwa.

Basi, ndugu musomaji, mbele ya kushusha bidoni, angalia vizuri ku manyoya na ujiulize maulizo mawili. Kile kiko pale, paka ikikilamba, itapona? Kama ndiyo, chukua kitana na kitambaa. Na kile wewe unataka kuipakaa, ikikilamba, itapona? Kama hauna hakika, rudisha chupa ku duka.