Harusi ya Kihindu: hatua saba na ng'ombe wasiokuwepo

Posa ikifika kwa mzazi wa Mtinko, mazungumzo hayakawii kuingia kwenye ng'ombe. Kwa Wanyaturu, mifugo ndiyo inayoonyesha kwamba koo mbili zimekubaliana. Kaka wa binti naye hupiga hesabu zake, maana ng'ombe wa dada huweza kumwolea yeye mke.

Wenzetu Wahindu hufunga ndoa bila mahari. (Si kila Mhindi ni Mhindu, wengi ni Waislamu.) Wengi wa waliopo Tanzania wana asili ya Gujarat, na pale Dar es Salaam mahekalu yao yapo mtaa wa Kisutu.

Kabla ya harusi, wote wawili hupakwa manjano, yaleyale ya kwenye mchuzi, wang'ae na wapate baraka. Siku yenyewe, baba huweka mkono wa binti yake katika mkono wa kijana. Tendo hilo huitwa kanyadaan, yaani zawadi ya binti: mzazi anatoa, hadai kitu. Kaka hapokei chochote. Yeye humjazia dada nafaka viganjani, naye huimimina kwenye moto.

Moto huo ndio shahidi. Wagujarati huuzunguka mara nne: kwa wajibu, riziki, mapenzi na ukombozi wa roho. Kisha huja hatua saba zinazokamilisha ndoa: chakula, nguvu, mali, raha, watoto, majira ya maisha, na ya saba ni urafiki. Hiyo ya saba imenigusa. Kwenye vikao vyetu vya harusi tunajadili ukumbi, keki na michango. Sijasikia mtu akiuliza kama hawa wawili ni marafiki.

Lakini tusidhani kukosekana kwa mahari kumewapa mabinti wote amani. Nchini India, upande wa bwana harusi uligeuka kuwa ndio unaodai fedha na dhahabu kwa wazazi wa binti. Serikali ilipiga marufuku mwaka 1961, na hadi leo wapo wanawake wanaoteswa, hata kuuawa, kwa sababu hiyo.

Hapa kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za dini na za kimila, mradi wote wawili wameridhia kwa hiari. Na wazazi wengi hawajui hili: ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijaisha. Baba anayemzuia binti nyumbani mpaka ng'ombe wawili waliobaki waletwe, anamzuia mke halali wa mtu.