Kabla ya Kupaka Chokaa, Ziba Nyufa



Hapa Sepuka wazee wetu walijenga tembe, na hata leo nyumba nyingi zina kuta za udongo. Ukuta wa udongo ni mzuri. Joto la mchana halipiti upesi, na udongo haununuliwi. Lakini ukuta huo una adui mmoja, naye ni ufa.

Ndani ya nyufa hujificha papasi. Papasi ni aina ya kupe. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala, halafu hurudi ufani. Ndiyo maana wengi hawamwoni. Huyo ndiye aletaye homa ya papasi. Homa hupanda siku chache, inashuka, mtu anadhani kapona, kumbe inarudi tena. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba, na mtoto mdogo anaweza kufa. Mwaka 1905 daktari Mwingereza, Joseph Dutton, alikufa kwa homa hiyo huko Kongo alipokuwa akiichunguza. Siku hizi dawa ipo. Mgonjwa awahi zahanati.

Basi, tukitaka kupaka nyumba ndani tusianze na rangi. Tuanze na ufa.

Kazi ya kwanza: kuziba

Toa vyombo vyote nje. Kwangua udongo uliolegea, kisha lowesha ukuta. Chekecha udongo wa kichuguu, uchanganye na mchanga na maji. Wengine huongeza samadi ya ng'ombe. Jaribu kwanza kipande kidogo, ukiache kikauke. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikimomonyoka ukikigusa, mchanga umezidi. Ziba nyufa zote, kandika ukuta mzima, na usisahau pembe na sakafu. Acha pakauke kabisa.

Kazi ya pili: chokaa

Chokaa ni jiwe. Mawe ya chokaa huchomwa tanurini mpaka hewa ya ukaa itoke. Yakitiwa maji kidogo hugeuka unga. Ukiupaka ukutani, unavuta tena hewa ile ile polepole na kuwa jiwe jembamba. Wenzetu wa Kilwa na Zanzibar walichoma matumbawe ya baharini, wakapaka nyumba zao kwa njia hiyo tangu karne nyingi zilizopita. Kazi hiyo ya chokaa inataka unyevu. Ikikauka haraka hubaki vumbi, nayo huchafua nguo.

Nunua chokaa ya unga, iliyokwisha zimwa. Tia maji ndooni kwanza, kisha mimina chokaa kidogo kidogo huku unakoroga. Ongeza chumvi kidogo. Ilale usiku mmoja. Asubuhi ichuje, iwe kama maziwa. Nyunyizia ukuta maji, upake kwa burashi au kwa mkonge uliopondwa ncha. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji matupu. Usiongeze! Ukikauka utakuwa mweupe. Kesho yake paka mkono wa pili. Chini, kiasi cha futi 2, paka udongo mwekundu ili uchafu usionekane upesi.

Hadhari

Chokaa inaunguza. Watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati. Tena, kama wapuliziaji wa dawa ukoko watapita kijijini, maliza kupaka kabla hawajafika. Ukipaka juu ya dawa umeifunika, na mbu hataigusa.

Faida

Tusidanganyane: chokaa haiui papasi. Lakini ukuta usio na ufa haumpi maficho, na ukiwa mweupe, anayetambaa anaonekana. Tena taa ndogo huangaza chumba kizima. Mtoto anasoma masomo yake, nasi tuliojifunza kusoma ukubwani tunaona herufi vizuri.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walisikiliza redio kwa vikundi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kazi hii nayo ni ya kikundi. Leo kwako, kesho kwangu.

Maswali ya kujadili

1. Nyumba zipi hapa kwetu zina nyufa nyingi, na nani hana nguvu za kuziziba mwenyewe?
2. Udongo mzuri wa kukandika unapatikana wapi karibu nasi?